Unga: kati ya dirisha la dawa na mlango wa mahabusu

Jirani yangu wa Mbagala, Dar es Salaam, alinijia usiku mmoja, saa mbili imeshapita, kuniomba simu. Yake ilikuwa imeuzwa mchana ule, na aliyeiuza ni mwanawe wa kumzaa. "Mwanangu, nipigie polisi," aliniambia, "waje wamchukue. Akiwa ndani angalau nitajua amelala wapi." Kijana alikuwa na miaka 26, fundi rangi mzuri, mwaka wa nne huo anatumia unga, yaani heroini. Sufuria zilikwishaondoka, feni ikafuata, na siku hiyo hata bati la mlango wa choo halikuwepo. Nilipiga. Walikuja wakamchukua, na yule mama, ambaye kila siku huwasha jiko la vitumbua saa kumi alfajiri, kesho yake aliamka jua limeshachomoza. Alikuwa na wiki nyingi hajalala usingizi.

Mwaka mmoja na nusu baadaye kijana yule yule akakamatwa tena. Safari hii hakuna aliyepiga simu. Alikuwa ameshaanza kunywa methadoni, dawa ya kliniki ya kutibu uraibu wa unga, mwezi wa tano hajagusa unga, amerudi kwenye ndoo na brashi zake. Walimzoa asubuhi akielekea kunywa dawa, kwenye msako wa vijana wanaozurura, kwa kuwa sura yake ilishazoeleka. Alikaa mahabusu siku sita, na siku zote sita hakuionja methadoni. Alipotoka hakwenda kliniki. Alikwenda kijiweni.

Kukamatwa kwake mara ya kwanza kuliipumzisha nyumba. Mara ya pili kulibomoa kazi ya miezi mitano. Ndiyo maana kila ninaposikia watu wakibishana kama watumiaji wa dawa za kulevya wafungwe au waachwe, nashindwa kuupa upande wowote mkono haraka. Mama huyu anayajua yote mawili, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana watu hugombana huku kila mmoja akizungumzia jambo lake. Kuhalalisha ni kuruhusu kitu kiuzwe kwa leseni, kama bia inavyouzwa. Kuondoa jinai ni jambo jingine: dawa inabaki haramu, muuzaji na msafirishaji wanabaki wahalifu, ila anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hapandishwi kizimbani. Anatozwa faini, au anapelekwa mbele ya watu wa tiba. Na tiba ni jambo la tatu, linaloweza kuwepo penye sheria kali na penye sheria laini vilevile.

Tanzania ni mfano wa hilo la mwisho. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyoongezwa makali mwaka 2017, inamfikisha msafirishaji mkubwa kwenye kifungo cha maisha. Serikali hiyo hiyo inagawa methadoni bure. Ilianza Muhimbili, Februari 2011, kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha huduma ikaenda mikoani, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingineko. Zanzibar nayo ilikuwa imetangulia na nyumba za soba, ambako waraibu huishi pamoja na kusaidiana kuacha, kabla methadoni haijafika huko. Leo wanaohudumiwa kwenye vituo vya methadoni nchini ni zaidi ya 15,000. Kwa hiyo wanaosema hapa kwetu kuna rungu peke yake wanakosea, na wanaosema tumeshamaliza kazi wanakosea zaidi.

Niwape haki yao wanaotetea rungu, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko inavyochukuliwa mara nyingi.

Unga hautoki Mbagala. Heroini inayotufikia inatoka Afghanistan, inashuka hadi pwani ya Makran kwenye mpaka wa Iran na Pakistan, inapakiwa kwenye majahazi na kuvuka Bahari ya Hindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Kenya na kukuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, shehena kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kunaswa nchini hadi wakati huo. Piga hesabu. Kilo hizo zikigawanywa vipimo vya sehemu moja ya kumi ya gramu, zinatoka zaidi ya milioni 31. Asingekuwepo askari wa kuzizuia, zingeingia kwenye mitaa ambako watoto wetu hukaa vijiweni kuanzia asubuhi wakingoja kazi. Anayesema vita hii haina maana yoyote ajibu kwanza vipimo hivyo vingekwenda wapi.

Hoja yao ya pili inahusu wale ambao hawajaanza. Sheria ni ua. Ua haumzuii aliyekwisha kuruka, lakini unamfanya anayesimama nje afikiri mara mbili. Mzee mmoja wa msikiti wetu, askari mstaafu, huisema kwa maneno machache: "Kilevi ni haramu kwa Mungu. Serikali nayo ikisema si kosa, mtoto atabaki kumsikiliza nani?" Siwezi kumdharau. Watu wengi wa pwani, Waislamu na Wakristo, wanaiona sheria kama sauti ya jamii, na wanaogopa sauti hiyo ikinyamaza, pusha, yaani muuza unga, atakuwa ndiye pekee anayesema.

Hoja ya tatu ni ya yule mama na usingizi wake. Mraibu haumii peke yake. Anaiba kwao kabla hajaiba kwa jirani, na familia ikishachoka haina pa kumpeleka ila polisi. Watetezi wa kuondoa jinai wanaoandika kutoka mijini, wakiwa na milango ya geti, wajue kwamba wanachopendekeza kukiondoa ni mlango wa mwisho wa mwanamke maskini. Ukiuondoa, mwonyeshe mwingine.

Sasa twende upande wa pili, na nianzie Mombasa, maana kuna kisa kinachosema mengi.

Desemba 2010 George Saitoti, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya, alisimama bungeni na kusoma majina ya vigogo waliokuwa wakichunguzwa kwa biashara ya unga. Msako ukapamba moto. Kwa miezi michache iliyofuata, Mombasa hadi Malindi, heroini ikaadimika. Kwa kipimo cha rungu huo ni ushindi mtupu: barabara imefungwa, mzigo haupiti. Lakini watafiti walipowahoji watumiaji baadaye, maelezo yalikuwa ya watu walioachwa jangwani. Bei ilipanda. Unga uliopatikana ulikuwa umechanganywa na vitu visivyojulikana. Watu walipigwa na arosto, yale mateso ya kukosa unga, vyumbani, wakaokota vidonge vya aina aina vya kupoza, wakavichanganya, wakachangia sindano kwa kile kidogo kilichopatikana. Hospitali ya kuwapa methadoni haikuwepo. Ya kwanza Kenya ilifunguliwa Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi ikafuata mapema 2015. Baada ya miezi ile unga ukarudi, ukawakuta wateja wake wako pale pale.

Linganisha na Dar es Salaam, Februari 2017. Majina yalitajwa mbele ya kamera, watu wakaitwa kuripoti kituoni, Mamlaka ikapewa Kamishna Jenerali, na unga ukawa adimu mjini. Namna msako ule ulivyoendeshwa ina mengi ya kulaumiwa, kwa sababu kumtaja mtu hadharani kabla hujamfikisha mahakamani ni kumhukumu. Lakini kwa mtumiaji wa kawaida kulikuwa na tofauti moja kubwa na Mombasa ya 2011: dirisha la methadoni lilikuwepo, miaka sita tayari. Vituo vya jiji vikafurika. Watu waliokuwa wakiahirisha "kesho nitaanza" walijikuta hawana unga wa kuahirishia.

Msako ni ule ule, arosto ni ile ile, matokeo mbalimbali. Kwangu hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Adhabu na tiba si lazima ziwe maadui. Ukali ukielekezwa kwa anayeleta mzigo, na dirisha likawa wazi kwa anayeutumia, ukali unaweza hata kumsukuma mgonjwa kwenye dawa. Unapokuwa peke yake unamsukuma shimoni. Na unapomgeukia anayekwenda dirishani, kama ulivyomgeukia kijana wa jirani yangu, unaibomoa tiba kwa fedha za serikali ile ile iliyoinunua.

Niseme dawa hii inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaoibishia hawajaiona. Niliwahi kumsindikiza kijana yule Jumanne moja. Foleni ilianza kabla ya saa moja asubuhi: wanaume wengi, wanawake wachache, mmoja na mtoto mgongoni. Anayefika dirishani anataja namba yake. Muuguzi anasoma kwenye kompyuta, anapima maji ya dawa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anamsogezea. Anakunywa pale pale, muuguzi akimtazama, kisha anatakiwa aseme neno lolote, ili ijulikane dawa imemezwa, haikufichwa mdomoni kwenda kuuzwa. Wengi husema "asante". Kijana wetu alisema "asante dada, kazi njema", akageuka, akanionyesha mkono wake haujatetemeka.

Kutotetemeka huko ndiko habari yenyewe. Mtu aliyezoea heroini akiikosa saa chache, pua inachuruzika, miayo haiishi, tumbo linakatika, mifupa inauma kama imepondwa, jasho la baridi linamtoka. Hiyo ndiyo arosto, na ndiyo inayouza feni ya mama. Unga humtuliza kwa saa chache, kisha inabidi atafute tena, kwa hiyo siku yake yote hukatwa vipande vya kusaka. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Kipimo kikishakaa sawa haimpi stimu, inamwondolea arosto mpaka kesho. Chumba kimoja cha kupiga rangi, ukikwangua na kupaka mikono miwili, kinataka siku mbili. Mla unga hana siku mbili. Mnywa methadoni anazo.

Wakosoaji husema huo ni "unga wa serikali", mtu amebadilishiwa pusha tu. Kuna ukweli ndani yake. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, mwili unaizoea, na wapo wanaoinywa kwa miaka mingi. Anayetangaza kwamba inamwachisha mtu kila kitu anadanganya, na uongo huo umewavunja moyo wazazi wengi waliodhani mwisho ni miezi mitatu. Lakini swali langu kwa mkosoaji ni la nyumbani: kati ya mtoto anayekunywa kikombe kimoja asubuhi akaenda kazini, na mtoto anayejidunga kichochoroni mara nne kwa siku, yupi unaweza kulala naye nyumba moja?

Suala la sindano halituhusu kwa huruma peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 pwani yetu ilipata unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji kirahisi, na watu waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga. Tafiti za Tanzania zimekuta zaidi ya theluthi moja ya wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI, katika nchi ambayo kwa watu wazima kwa jumla kiwango ni kati ya asilimia 4 na 5. Kenya, kwa wanaojidunga, ilikadiriwa asilimia 18. Watu hawa wana wake, waume na wapenzi ambao hawajawahi kuona kete ya unga. Kila mmoja anayekimbia kliniki kwa kuogopa kukamatwa anaondoka na vipimo vyake na vidonge vyake vya kufubaza virusi.

Kuna jingine ambalo polisi wengi hawakufundishwa. Anayekosa methadoni siku kadhaa hawezi kurudi akapewa kipimo chake cha zamani. Lazima ashushwe, apandishwe upya taratibu, kwa sababu mwili umeshasahau. Na akirudi kwenye unga kwa kipimo alichokizoea, mwili uliosahau unaweza kuzimika. Siku sita za mahabusu, ambazo kwenye kitabu cha kituo zinaonekana adhabu ndogo, ni miongoni mwa hatari kubwa zinazoweza kumpata mtu aliye kwenye tiba.

Basi tuondoe jinai kama Ureno? Wengi hutaja Ureno kama mtu anavyotaja dawa iliyomponyesha shangazi yake, bila kujua ilichanganywa na nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ureno ilikuwa na watumiaji wa heroini wanaokadiriwa kufika 100,000 katika watu milioni 10. Kamati ya wataalamu, akiwemo daktari João Goulão, ilipendekeza njia mpya, ikawa sheria mwaka 2000, ikaanza kutumika Julai 2001. Anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 hashtakiwi. Anaitwa mbele ya jopo la watu watatu, wa sheria, wa afya na wa ustawi wa jamii, wanaoongea naye na wanaoweza kumpa onyo, faini au rufaa ya tiba. Muuzaji anaendelea kufungwa. Sambamba na hilo nchi ilimwaga fedha kwenye methadoni, sindano safi, ushauri na kuwatafutia watu kazi. Maambukizi mapya ya UKIMWI kwa wanaojidunga, yaliyokuwa mamia kwa mamia kila mwaka, yalishuka hadi makumi machache. Kisha mdororo wa uchumi ukaja, fedha za tiba zikakatwa, na kufikia 2023 wakazi wa Porto walikuwa wakilalamika watu wanajidunga tena mbele ya milango yao. Msingi wa sheria ulikuwa ule ule. Kilichopungua ni fedha na watu wa kazi.

Oregon, Marekani, ilikwenda kinyume cha mpangilio. Novemba 2020 wapiga kura asilimia 58 waliridhia Pendekezo namba 110, na kuanzia Februari 2021 kumiliki kiasi kidogo cha dawa yoyote kukawa kosa la faini ya dola 100, inayofutwa mtu akipiga simu ya huduma kufanyiwa tathmini. Karibu hakuna aliyepiga. Fedha za tiba, zilizotarajiwa kutoka kodi ya bangi, zilichelewa kufika kwenye vituo, na wakati huo huo fentanili, dawa ya maabara yenye nguvu kuliko heroini, ikavamia jimbo. Si haki kuitwisha sheria ile vifo vyote vilivyofuata, maana fentanili iliua pia kwenye majimbo yenye sheria kali. Lakini watu walichoshwa na walichokiona barabarani, na tangu Septemba 1, 2024 kumiliki dawa kumerudi kuwa jinai. British Columbia ya Canada nayo, iliyoanza jaribio lake Januari 2023, ilirudisha marufuku ya kutumia hadharani Mei 2024.

Oregon iliuondoa mlango wa polisi kabla haijajenga mlango wa kliniki, na raia wakajikuta, kama jirani yangu, hawana wa kumpigia simu. Ureno ilijenga kliniki kwanza, au kwa pamoja na sheria. Ninapowasikia wanaharakati wetu wakidai sheria ibadilishwe kesho, huwa nahesabu wilaya za Tanzania na Kenya ambazo dirisha la methadoni liko mbali kuliko nauli ya mgonjwa, na nabaki na wasiwasi.

Tena ukali wetu wenyewe una mkanganyiko unaouondolea heshima. Mirungi ni mfano. Ng'ambo ya Namanga, upande wa Kenya, miraa ni zao halali linalosomesha watoto Meru na kupakiwa ndege kwenda Mogadishu. Upande wa Tanzania fungu lile lile ni dawa ya kulevya, linalomfikisha mtu mahakamani pamoja na wa heroini, na mashamba yake Same hung'olewa kwa operesheni. Inawezekana Tanzania iko sahihi kuikataza. Lakini kijana wa mpakani anayeona jani moja likiwa zao asubuhi na jinai jioni hataamini kwa urahisi unapomwambia kwamba unga ni jambo tofauti kabisa.

Na ukali huo unagonga wapi? Familia ya Akasha ya Mombasa ilitajwa kwenye biashara ya dawa kwa miaka na miaka. Baktash na Ibrahim walikamatwa Novemba 2014, kesi ikajivuta mahakamani Mombasa, hadi Januari 2017 waliposafirishwa kwenda Marekani. Huko walikiri makosa, yakiwemo ya kuzuia haki kwa hongo. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Ilibidi hukumu itoke New York. Wakati huo huo mahabusu za pwani zilikuwa zikipokea kila wiki vijana waliokamatwa na kete mbili. Kumkamata mwenye kete mbili ni rahisi: hana wakili, hakimbii mbali, na arosto itamfanya akiri lolote. Takwimu za kituo zinapendeza, mzigo unaendelea kuteremshwa.

Upo ugumu mmoja ambao upande wa tiba hauzungumzi vya kutosha, nami niliye karibu nao sina budi kuusema. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni, malighafi ya heroini, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kimeshuka kwa asilimia 95. Akiba za zamani bado zinatembea, lakini wafanyabiashara hawakukaa kungoja. Methamfetamini, inayoweza kutengenezwa kwa mmea unaojiotea milimani huko huko Afghanistan, inasafiri kwenye majahazi yale yale. Shehena ya Desemba 2023 ilikuwa na vyote viwili. Na methadoni haifanyi lolote kwa mtumiaji wa methamfetamini. Hakuna kikombe chake. Kuna ushauri nasaha wa muda mrefu, kuna kumtibu akili inapovurugika, kuna kumpa sababu za kuacha siku baada ya siku, kazi inayotaka wataalamu ambao hospitali zetu hazina wa kutosha. Kwa hiyo anayesema "tiba badala ya jela" aseme tiba ya dawa ipi, itatolewa na nani.

Nikipima yote hayo, sitaki Tanzania iige Oregon, na sitaki ibaki ilivyo. Nataka ukali ubaki, tena uongezeke, juu: kwenye majahazi, kwenye bandari bubu, kwenye akaunti za benki za wanaojenga maghorofa bila biashara inayoonekana. Kwa mwenye kiasi cha kutumia mwenyewe, mlango wa kwanza uwe wa daktari na afisa ustawi wa jamii, mahakama ibaki nyuma kwa anayerudia kuiba au kudhuru watu, maana wizi ni wizi hata ukifanywa na mgonjwa. Mabadiliko hayo yatembee kwa kasi ya vituo vya tiba, wilaya baada ya wilaya. Lakini yapo mawili yasiyohitaji Bunge wala bajeti kubwa, na kuyachelewesha ni dhambi. Mwenye kadi ya kliniki asikamatwe njiani kwa sababu ya sura yake. Na aliyekamatwa kwa kosa lolote, hata la kweli, apelekewe dawa yake mahabusu, kama anavyopelekewa mgonjwa wa kifua kikuu.

Nauli nayo isidharauliwe. Wagonjwa wengi wanaoacha methadoni hawaachi kwa kuupenda unga. Wanaacha kwa sababu kwenda na kurudi kila siku ya Mungu kunataka fedha ambayo mtu asiye na kazi hana, na akiipata kwa kuiba amerudi alikotoka.

Kijana wa jirani yangu alirudi kliniki baada ya miezi mitatu. Ilibidi aanze kipimo cha chini kabisa, kama mgeni. Mama yake sasa hutenga shilingi 1,200 za vitumbua vya kwanza kila alfajiri, anazifunga kwenye pindo la kanga, na hazigusi hata mteja akidai chenji. Wiki iliyopita nilimuuliza kama siku ikitokea ameteleza tena, vitu vikaanza kuondoka, atakuja kuniomba simu. Alinyamaza, akageuza vitumbua kwenye kikaango mpaka vikaiva vyote.

"Nikipiga," akaniuliza, "watampa dawa yake huko ndani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mara ile hawakumpa.